Turufu ya Mama Mkwe

Kocha tuliletewa na shoga yangu mmoja wa East Ham, mwanamke mwenye tabia ya kugawa dawa kabla hajauliza ugonjwa. Tulikuwa harusini. Akaniona nimekaa upande huu, mume wangu yuko upande ule, akakata shauri kwamba ndoa yangu imeingia baridi. Nikamkumbusha kwamba harusi zetu tangu enzi za mabibi wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Hakujali. "Shoga, macho yako yanasema," akaniambia, na kabla biriani haijafika nilikuwa na namba ya simu ya mwanamke wa Kiingereza anayewafunda wanandoa mambo ya chumbani kwa kutumia kadi za taroti.

Ubaya ni kwamba alikuwa amepatia. Kwa muda ambao sitauhesabu hapa, chumba chetu cha Barking, mashariki ya London, kilikuwa kimegeuka bweni. Baba Watoto anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Yeye akirudi mimi naamka, mimi nikirudi yeye anaondoka. Lakini hata siku zake za mapumziko alikuwa akigeukia ukutani na kusema kazi imemchosha. Kazi ni ileile aliyoifanya miaka yote, na ukuta alikuwa hana habari nao.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwa watu wangu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimefundwa, na somo yangu yu hai na akili zake timamu. Lakini somo siku hizi anapatikana kwa simu, simu ameishika mjukuu, na mjukuu ameifungua sauti ili bibi asikie vizuri. Siwezi kueleza habari za godoro langu mbele ya baraza zima la mtaa wa Ngamiani. Halafu kuna jambo ambalo huwa hatulisemi: mafunzo yetu yamemwelemea mwanamke. Unyagoni mwari hufundishwa namna ya kumpokea mume, kumpendeza, kumsoma uso. Hayati Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao Zanzibar alikuwa pia mwalimu wa wari. Mafunzo hayo nayaheshimu. Ila mume akigeukia ukutani, hesabu yote inamrudia mke: hukujifukiza udi, hukuvaa shanga, umenuna. Kocha huyu alisema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa somo yeyote. Alisema tuje wote wawili.

Vikao vilikuwa vya simu ya video, na Baba Watoto akakubali kwa masharti mawili: kamera isielekezwe kitandani, na Mama asijue. Mama ni mama yake mzazi, ambaye alikuwa ameshapata viza na anatarajiwa kutua Heathrow wakati wowote.

Kadi zikaja kwa posta. Ziko 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika mafungu manne, vikombe, sarafu, panga na fimbo, kila fungu kadi 14. Zinazobaki 22 ni picha zenye majina: Wapenzi, Mnara, Nyota, Shetani, na ile ya 13 ambayo ni Kifo, mifupa mitupu iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe. Hiyo niliifukia chini ya nguo za baridi siku ileile, kwa sababu mimi ni Mwislamu na pia ni mwoga. Mchoro lakini ni mzuri, tusidhulumu. Aliyezichora ni Pamela Colman Smith, mzaliwa wa London ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Jamaica, na zilitolewa hapahapa London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Mchoraji huyo alifanya jambo la akili: karibu kila kadi aliiwekea mtu na jambo analolifanya. Huyu kalala, yule kainama na mzigo wa fimbo kumi, wawili wanapita kwenye theluji na njaa yao. Ndiyo maana makocha wanazipenda. Karata za kawaida zina alama tu. Hizi zina visa.

Katika kikao cha kwanza kocha hakubashiri chochote, na hili nataka likae wazi maana mbele huko nitamsema. Alituambia tuzitandaze kadi zote kitandani, picha juu, kila mmoja achague inayofanana na hali yake saa ya kulala bila kumtazama mwenzake. Mimi sikuchelewa. Nilichukua Tisa ya Panga: mtu kaketi kitandani usiku wa manane, uso kaufunika kwa viganja, na panga tisa zimepangwa kwenye giza nyuma yake. Baba Watoto alizigeuzageuza kadi kama mtu anayechagua nyanya za jioni, mwishowe akaweka Nne ya Vikombe. Kijana kakaa chini ya mti, kakunja mikono kifuani, vikombe vitatu viko mbele yake, na mkono unatoka winguni unampa cha nne. Hata hautazami.

Damu ikanipanda. Yaani mimi ndiye kikombe? Kocha akanionyesha kidole ninyamaze, akamuuliza mwenzangu: huyu kijana anawaza nini?

Baba Watoto akakaa kimya, akajikuna kidevu, kisha akasema, "Siyo kwamba hataki. Anaogopa akinyoosha mkono hautafika."

Tangu anioe sikuwahi kusikia maneno kama hayo kutoka kinywani mwake. Ukimuuliza ana nini, hana kitu. Ukimuuliza nimekukosea nini, hujanikosea. Lakini hapa hakuulizwa habari zake; aliulizwa habari za kijana wa kwenye kadi, na kijana wa kwenye kadi hana aibu, hana wakwe, hana jina la kulinda mtaani. Usiku ule tulizungumza mpaka sauti zikatukauka. Halikufanyika lingine, ila ukuta haukugeukiwa.

Kikao kilichofuata tukapewa zoezi, nalo likabatizwa jina la kadi ya 14, Kiasi, yenye malaika anayemimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Tendo lenyewe tukapigwa marufuku. Kazi yetu ilikuwa kugusana kwa zamu, mikono, mgongo, uso, bila haraka na bila kutaka kufika popote. Baadaye nilikuja kujua kwamba zoezi hilo halikutoka kwa malaika. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa St. Louis, Marekani, walilieleza katika kitabu chao cha 1970, na matabibu wa mambo ya ndoa wanalitumia mpaka leo. Lina busara. Baba Watoto alipumua waziwazi, maana mtu aliyefutiwa mtihani hana namna ya kufeli.

Kama kocha angeishia hapo, leo ningekuwa naandika sifa. Lakini akaanza kuzisikiliza kadi badala ya kutusikiliza sisi. Sasa zikawa zinachanganywa, zinavutwa kwa kificho, zinasomwa. Tukaambiwa zina nishati. Tukaambiwa zimetoka kwa makuhani wa Misri ya kale.

Habari hiyo ya makuhani niliifuatilia mwenyewe, maana usiku niko peke yangu na intaneti ninalipia. Aliyeieneza ni Mfaransa, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781, wakati ambao Ulaya nzima hapakuwa na mtu anayeweza kusoma maandishi ya Mafarao. Mfaransa mwenzake, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822. Taroti ilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo wa mezani. Zile picha 22 zinazotutisha zilikuwa turufu tu, za kulia kadi nyingine. Misri imo kwenye kisa, ila ni Misri ya Wamamluki: wao walikuwa na karata za vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, na karata za aina hiyo ndizo zilizoingia Ulaya katika karne ya 14. Wafaransa mpaka leo wanakaa mezani kucheza taroti, wanahesabu pointi na kugombana, basi.

Nilikuwa nayajua haya yote siku ilipotoka Tatu ya Vikombe, na hayakunisaidia kitu. Kadi yenyewe ni ya furaha: wanawake watatu wanacheza, kila mmoja kainua kikombe chake. Ilitoka kichwa chini. Kocha akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake laini, "Ikija hivi, wengi huisoma kuwa kuna mtu wa tatu."

Basi. Mwanamke wa Kiswahili akiambiwa kuna mtu wa tatu hahitaji tena kadi ya pili. Palepale vitu vyote vikajipanga. Kumbe ndiyo sababu siku za mapumziko anaamka usiku mara tatu, mara nne! Anashika simu, eti anamulika njia, anakaa huko chooni, anarudi kapitia jikoni. Kumbe ndiyo sababu amepungua, suruali zinamvuka. Mwanaume wa umri ule hapungui bure, anapunguzwa na mtu.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza asubuhi yake.

"Nani?"

"Wa tatu."

Akahesabu watoto kwa vidole, akataja jina la kitindamimba wetu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake kila mmoja karatasi ya maelezo ya tabia yake, akawataka waipe alama kwa namna ilivyowalenga. Wastani ukawa 4.26 kati ya 5. Kisha wakagundua kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyookotwa kwenye kitabu cha unajimu. Ndivyo kadi inavyofanya kazi. Inakupa sentensi pana, wewe unaijaza kwa watu wa nyumbani kwako.

Katikati ya kiwingu hicho Mama akatua, na mabegi matatu na kikapu. Alikuja na dagaa, na binzari, na mashine yake ndogo ya kupimia sukari, maana ni mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi na hatoki bila hiyo. Tukamtandikia sebuleni, kochi la kukunjua, mlango wa pili kutoka chooni. Kadi nikazihamishia juu ya kabati. Nikaona nimezificha.

Siku moja niko jikoni, mikono imo kwenye unga wa chapati, simu yangu ikalia mezani. Mama akaipokea, akaifungua sauti kwa adabu ili nisikie. Alikuwa ustadhi wa madrasa ya watoto. Alitoa salamu ndefu, akauliza hali za wote, ndipo akaeleza kwamba kijana wetu wa miaka tisa ameleta darasani picha ya mwanamume na mwanamke walio uchi wa mnyama, na malaika juu yao, na ameibadilisha na mwenzake kwa kadi ya mchezaji wa Arsenal.

Mama akamshukuru, akakata simu, akaniangalia. "Malaika naye kafuata nini?"

Ikabidi niseme kwamba zipo nyingine. "Zilete," akasema. Nikazileta zote, hata Kifo nikakifukua kwenye nguo za baridi. Nilikuwa nangojea Yasini na ndoo ya maji. Nilikuwa nimeshajipanga namna ya kumweleza mume wangu.

Mama akavaa miwani. Akaangalia kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanza kuzitenga mezani kwa kasi ya mtu anayejua anachofanya. Vikombe huku. "Kopa." Sarafu kule. "Uru." Panga: "Shupaza." Fimbo: "Pao." Hakukosea hata moja, na mimi ndipo nilipokumbuka kwamba mwanamke huyu mchezo wa karata wa wahedi na sitini alifundishwa na marehemu mumewe, na barazani kwao Tanga kuna wanaume wanaoondoka wakimwona anakuja. Majina hayo yametoka kwa Wareno, na karata zao za zamani zilikuwa na alama hizohizo nne. Mama hakuhitaji kuambiwa.

"Mbona kila fungu lina wazungu wanne? Wazungu ni watatu. Huyu wa farasi hana kazi, mtoe." Akawatoa wapanda farasi wote. Akatoa na nyingine zisizohitajika. Zile 22, ambazo sasa zilikuwa 21, akazishika mkononi. "Na hizi?"

"Hizo ndizo za kutabiria, Mama."

"Mnatabiria nini?"

Nikaangalia chapati.

Hakuniuliza tena. Akaziweka chini ya sahani ya visheti, akamwita mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka. "Njoo tucheze. Atakayeshindwa namchoma kidole."

Nilidhani ni utani. Lakini mama mkwe wangu hafanyi utani na karata. Wakacheza, mimi nimesimama nyuma na ufito wa kusukumia chapati. Mama anakula ree, anakula seti, mwanawe anajitetea na mfalme, yaani mzungu wa nne. Alipofika sitini na moja alikuwa hajamaliza chai. Akafungua kipochi, akaweka sindano mpya, akamshika mwanawe mkono kama alivyokuwa akimkata kucha utotoni, akamchoma. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika 17.8.

"Baba yake alianza hivihivi," akasema Mama, akaifuta damu kwa pamba. Kisha akageuka kwangu. "Nalala karibu na choo, mwanangu. Nasikia anavyopita usiku. Na jagi la maji nalijaza mimi, asubuhi tupu. Nyie mnatazama picha za malaika."

Daktari wetu hakuchukua muda. Hapa Uingereza wana kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Ikifika 48 kwa kipimo chao, ni kisukari. Ya Baba Watoto ilikuwa imelivuka geti hilo mbali. Na daktari, kijana mdogo tu, baada ya kumuuliza habari za macho na miguu, akamuuliza bila kubadilisha sauti: "Na chumbani?"

Baba Watoto akanitazama mimi. Nikamjibia.

Akatueleza kwa kalamu na karatasi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na kazi ya mwanaume inategemea yote miwili. Kwa wengine shida ya chumbani ndiyo dalili ya kwanza kabisa. Inatangulia kabla mtu hajajua kwamba anaumwa. Inaweza pia kuwa onyo la ugonjwa wa moyo, kwa sababu mishipa ni jamaa moja. Presha nayo inaleta, na baadhi ya dawa za presha, na sigara, na huzuni. Kijana wa Nne ya Vikombe hakuwa na mke wa pili. Alikuwa na kiu, anakojoa, anapungua, na anaona haya.

Shoga yangu wa East Ham aliposikia, akaja na kifuko cha vumbi la Kongo, ametumiwa na mtu kutoka Kariakoo. Nilikitupa mbele yake. Vumbi lile halina karatasi ya kueleza kilichomo, na hata vile vidonge halali vya kumsaidia mwanaume, ambavyo hapa vinapatikana kwa mfamasia, vinaweza kumwangusha presha vibaya mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti. Mtu mwenye kisukari kisichopimwa si mtu wa kujaribiwa unga.

Dawa za kisukari akaanza, na kwa England mwenye kutumia dawa hizo anasamehewa malipo ya dawa zake. Ubwabwa ukapunguzwa, soda zikahama nyumba, akawa anashuka basi vituo viwili kabla ya nyumbani. Mengine yalirudi polepole, si kwa mkupuo, na si kama ujana. Baba Watoto ameyasoma haya yote na amefuta aya mbili, kwa hiyo hapo siongezi.

Kocha nilimwandikia kumweleza, kwa heshima. Akajibu kwa furaha kubwa: kumbe kadi zilikuwa zikijua! Vikombe vile vyote vilikuwa vinaashiria kiu. Nilisoma ujumbe huo kwa sauti mezani, Mama akataka tafsiri, nikamtafsiria. Akasema mwambie asije Tanga, watamla karata zote.

Sikatai kwamba zile picha zilitufungua midomo. Bado tunazo, na zoezi la kuchagua picha naliona jema kwa wanandoa wasiojua waanzie wapi. Hata albamu ya picha za familia ingefanya kazi hiyo, bila ada. Kinachonikera ni mtu kuchukua fedha kusoma mwili wa mume wa mtu kwenye karatasi. Neno kocha halina mwenyewe. Uingereza kuna chama cha matabibu wa mambo ya ndoa na faragha, COSRT, chenye orodha ya wanachama waliosomea kazi. Lakini kujiita kocha hakuna anayekukagua, kwa hapa wala kwa kwetu, ambako nao wameanza kujaa kwenye simu zetu.

Basi nawaomba makocha wa kazi hii, wa Kiingereza na wa Kiswahili: kabla hamjachanganya kadi, muulizeni mteja mara ya mwisho kupima sukari na presha ilikuwa lini. Akisema hakumbuki, mrudishieni ada ya siku hiyo, aende hospitali kwanza.